Nyumba ya kiwanda, nyumba ya ukumbi au nyumba ya geti: ipi ikae kwenye 20 kwa 20 ya Moshi?

Mama mmoja aliyezaliwa Pangani na kuolewa Moshi alinijia na kiwanja chake cha Msaranga, mita 20 kwa 20, pamoja na picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya nyumba ya Lamu: uwazi katikati, matao, mlango wa nakshi. "Mwanangu, nataka hii hapa," akasema. Nikamuuliza ndani ya picha ile anataka nini hasa. Akanyamaza kidogo. "Nataka nikianika nguo zangu, nikikaa kichwa wazi, mtu asinione. Na wajukuu wacheze nikiwaona."

Matao hakuyataja, wala mlango. Nikaiandika kauli yake juu ya karatasi, picha nikaiacha kwenye simu.

Mimi ni fundi sanifu, nachora na kusimamia. Baada ya mama yule wamekuja wengine na ombi la aina hiyo, wa Moshi na wa Arusha, Waislamu na Wakristo, wote wamechoka kuishi nyuma ya pazia lililofungwa mchana kutwa. Kwa hiyo naziweka hapa nyumba tatu, kila anayejenga azipime kwa kiwanja chake.

Ya kwanza ni nyumba ya kiwanda. Kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, kiwanda ni ule uwanja mdogo wa ndani usio na paa. Huku kwetu neno hili linaleta taabu, maana mtu wa Moshi akisikia kiwanda anawaza sukari ya TPC. Kijana wangu wa kazi aliwahi kuniuliza kama mteja ana leseni ya biashara. Lamu unaanzia kwenye daka, kibaraza chenye viti vya mawe nje ya mlango. Ukivuka mlango unaingia tekani, kile kiukumbi cha mlangoni, unageuka, ndipo unakutana na kiwanda. Misana, yaani kumbi ndefu zilizo mbele ya vyumba, na vyumba vya ndani vyote vinakielekea, na mtaani nyumba imegeuza mgongo. Mji Mkongwe wa Unguja nako zimo nyumba za namna hiyo, ingawa si zote: zile za Kihindi zina duka chini na makazi juu, na uso wake uko barabarani.

Ya pili ni nyumba ya ukumbi, ile tuliyoizoea Majengo na Pasua hapa Moshi, au Ngarenaro kule Arusha. Mbele baraza, mlango katikati, ukumbi ulionyooka hadi nyuma, vyumba vitatu kila upande, kisha uani penye jiko, stoo na choo. Ndiyo watu wanayoiita nyumba ya Kiswahili. Mimi naitazama kama mtoto wa bara wa nyumba ya pwani: kiwanda kimehamishiwa nyuma na kubadilishwa jina.

Ya tatu ni nyumba ya geti. Imekaa katikati ya kiwanja, sebule kubwa mbele, masta, jiko la ndani, fensi pande nne. Siku hizi mtu akisema "nimejenga" bila maelezo, kajenga hii.

Swali lililotangulia ramani

Wanaopenda picha za miji ya kale hudhani ilichorwa na mtu mmoja mwenye jicho zuri. Tunis, Fes na Cordoba ya zama zake, miji ya Waislamu ya Afrika Kaskazini na Andalusia (Hispania ya leo), zilikua nyumba kwa nyumba. Kulikuwa na kadhi, kulikuwa na mafundi aliowatuma kwenda kupima na kutazama, na kulikuwa na kanuni moja iliyotokana na hadithi mashuhuri ya Mtume: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Jenga upendavyo mpaka pale jengo lako linapomuumiza jirani. Hapo atakuja mtu na kamba ya kupimia. Ibn al-Rami, mwashi wa Tunis wa karne ya 14, alikuwa mmoja wa mafundi hao, na aliandika hukumu za majengo walizokuwa wakizitumia: kuta za ubia, milango, moshi, maji ya mvua, harufu, mitikisiko ya vinu.

Sheria zetu za mipango miji zinafanya kazi kwa njia nyingine. Zinakwambia mapema uache umbali gani kutoka mpakani na ujenge sehemu gani ya kiwanja. Hazikuulizi dirisha lako la choo linatazama nini. Ndiyo maana unaweza kuwa na kibali cha ujenzi kilichogongwa mihuri yote na bado ukaamka kila asubuhi macho kwa macho na jirani anayepiga mswaki. Hilo limenipata mimi mwenyewe Pasua kwa miaka sita. Wote wawili tulifuata masharti. Wote wawili tumeziba dirisha.

Katika hukumu za Kimaliki, madhehebu ya Kiislamu ya miji hiyo, milango miwili kutazamana moja kwa moja ilikuwa jambo la kulalamikiwa, na dirisha likawa jambo zito zaidi. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja wa Fustat, Misri, alijenga chumba cha juu, majirani wakahofia kuchunguliwa, habari ikamfikia Khalifa Umar. Akamwandikia gavana wake, Amr bin al-As: wekeni kitanda mle chumbani, asimame juu yake mtu asiye mrefu wala mfupi, akiweza kuchungulia kwa jirani, kibomolewe. Kipimo ni jicho la binadamu na kitanda chake. Sijaona kipimo bora zaidi cha dirisha, na nitakitumia hapo chini.

Niseme pia jambo ambalo wapenda pwani hulipita haraka. Hukumu hizi za madirisha zimeandikwa zaidi na Wamaliki wa Afrika Kaskazini na Andalusia. Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafi, na Shafi humpa mwenye mali uhuru mpana zaidi ndani ya mpaka wake. Kwa hiyo tusiseme fundi wa Lamu alikuwa akitekeleza vitabu vya Tunis. Lamu kazi hiyo ilifanywa zaidi na desturi: madirisha machache ya nje, yaliyo juu, na aibu ya kumchungulia jirani. Desturi inatosha pale watu wanapofahamiana. Msaranga, ambako jirani yangu wa kulia bado ni nguzo nne za mpaka na majani, sitegemei desturi peke yake.

Nani ataona nini

Hapa ndipo chaguo linapoamuliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua nyumba ya geti. Fensi ina urefu wa mita 2.2, wewe uko uwanjani unaanika nguo. Leo jirani ana banda la kuku, huna shida. Baada ya miaka mitano anapandisha ghorofa, dirisha lake likiwa mita 2 kutoka mpakani. Sakafu yake ya juu iko mita 3 kutoka ardhini, na mtu wa kimo cha kawaida jicho lake liko mita 1.6 juu ya sakafu. Jicho liko mita 4.6. Ukivuta uzi kutoka jicho hilo kupita juu ya fensi, unashuka mita 1.2 kwa kila mita moja ya ardhi. Anayeweza kujificha kichwa kwa fensi yako ni yule aliyesimama ndani ya nusu mita kutoka ukutani. Waliobaki wote wako kwenye televisheni ya jirani. Ukitaka kumzuia kwa fensi itabidi ujenge gereza.

Sasa weka nyumba yenyewe pale palipokuwa na uwanja. Bawa la vyumba lenye kina cha mita 4 limeanza mita 2 kutoka mpakani, na ukingo wa paa lake upande wa ndani uko mita 3. Jicho ni lile lile, mita 4.6, lakini sasa liko mita 8 kutoka kwenye ukingo huo. Uzi unashuka sentimita 20 tu kwa kila mita, na utagusa kichwa cha mtu mzima baada ya mita saba hivi. Kiwanda chenye upana wa mita sita au saba kimesitirika chote. Mama anaweza kukaa kichwa wazi.

Jirani akipandisha ghorofa mbili mambo yanabadilika: jicho linafika mita 7.6, na eneo lililofichika linabaki mita mbili na nusu hivi. Hapo hata nyumba ya Lamu isingekuokoa bila kibaraza chenye paa kuzunguka uwazi. Miji ile ilisaidiwa na jambo jingine, nyumba zilikuwa zikikaribiana kimo, na juu ya paa la kukaa palijengwa ukuta wa kumficha mtu. Sisi hatuna uhakika wa kimo cha jirani. Kabla ya kuchora, nenda ukasome mpango wa eneo lako kwa afisa mipango miji: kama kando ya barabara ile wameruhusu ghorofa nne, kiwanda kilicho wazi kitakuwa uwanja wa maonyesho.

Nyumba ya ukumbi iko katikati. Uani wake unalindwa na nyumba upande wa barabarani tu. Pande tatu ni ukuta. Tena ule ukumbi ulionyooka una dosari yake. Mlango wa mbele na wa nyuma vikiwa wazi, mpita njia anaona hadi sufuria jikoni, ndiyo maana kila nyumba ya namna hii ina pazia kwenye ukumbi linalopepea kama bendera. Nyumba ya Lamu ilimaliza tatizo hilo kwa kukunja njia mara moja tu, pale tekani. Ni gharama ya ukuta wa mita moja na nusu. Katika mambo yote ya pwani ambayo mtu wa Moshi anaweza kuazima, hili ndilo rahisi kuliko yote, na linafaa katika nyumba zote tatu.

Kwa stara, basi: kiwanda kinashinda, ukumbi wa pili, geti la mwisho. Watu wanashangaa nikisema hivyo kwa sababu fensi inaonekana kama stara. Fensi inazuia miguu.

Njia, ukuta wa pamoja, na shimo la maji machafu

Kuhusu barabara, hadithi nyingine inasema watu wakigombania upana wa njia, iwe dhiraa saba. Dhiraa ni karibu nusu mita, kwa hiyo ni mita tatu na robo hadi tatu na nusu, wanavyofasiri wanazuoni wengi wa miji: nafasi ya ngamia wawili wenye mizigo kupishana. Kuna wanaoichukua namba hiyo na kuitetea leo. Mimi nachukua hoja iliyo nyuma yake, yaani njia ipimwe kwa chombo kikubwa kitakachohitaji kupita. Kwetu chombo hicho ni gari la zimamoto au lile la kunyonya choo, upana wake karibu mita mbili na nusu, na gari jingine linakuja mbele yake. Mita tatu na nusu hazitoshi. Uchochoro wa Lamu ulikuwa wa punda na watu, na mpaka leo punda wapo.

Hukumu ya vichochoro visivyotokea ndiyo inayonisikitisha kila ninapoikumbuka, kwa jinsi inavyotuhusu. Katika miji ile, njia inayotokea pande mbili ilikuwa ya watu wote. Njia iliyokufa ndani, isiyotokea, ilikuwa mali ya pamoja ya wenye milango humo. Huwezi kufungua mlango mpya bila ridhaa ya wenzako, wala mmoja hawezi kuifunga. Rafiki yangu alinunua kiwanja cha nyuma, Arusha upande wa Muriet, njia akaonyeshwa kwa kidole: "utapita hapa, hakuna tatizo." Mwenye kiwanja cha mbele akafariki, watoto wakajenga fensi. Kesi ilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, ikaenda Baraza la Kata kusuluhishwa, ikashindikana. Sasa anapita kwa jirani mwingine kwa hisani. Nyumba yoyote utakayochagua kati ya hizi tatu, njia iwe kwenye hati au kwenye mkataba ulioshuhudiwa, ikiwa na vipimo.

Kuna na ukuta wa pamoja. Hadithi inamkataza mtu kumzuia jirani yake kuchomeka boriti kwenye ukuta wake, na miji mizima ilijengwa kwa kuegemeana hivyo. Moshi tunafanya kinyume chake: mimi najenga fensi ndani ya mpaka wangu, wewe ndani ya wako, katikati unabaki upenyo wa sentimita thelathini wa takataka, panya na nyoka. Mita 20 za ukuta, mara mbili. Wazee wa vihambani walimaliza mpaka kwa mstari wa masale, na hakuna aliyethubutu kuyang'oa. Jirani akikubali ukuta mmoja kwa gharama ya nusu kwa nusu, andikeni, jengeni mmoja.

Harufu na moshi vilikuwa na hukumu zao pia. Aliyetangulia alikuwa na nguvu: aliyehamia karibu na tanuri la zamani hakusikilizwa kama aliyewashiwa tanuri jipya chini ya dirisha lake. Kwa nyumba ya kiwanda tahadhari ni moja, jiko la mkaa lisiwe ndani ya uwazi wa mita nne, maana moshi utatembelea vyumba vyote. Shimo la choo na chemba zake zikae nje ya kiwanda kabisa. Nimeona ramani iliyoweka shimo katikati ya uwazi "kwa sababu pana nafasi." Gari la kunyonya lingepita wapi? Sebuleni?

Na choo kisielekee kibla wala kukipa mgongo, kwa anayezingatia. Kwa Moshi ni rahisi kukumbuka: Makka iko kaskazini yetu, imelalia mashariki kidogo tu, yaani upande wa Kibo. Fundi wa Kichaga ambaye si Mwislamu ukimwambia choo kisitazame mlima anaelewa mara moja, kwa sababu zake.

Mvua, jua na sweta

Hapa kiwanda kinaanza kupoteza alama.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanda cha 7 kwa 7 kina mita za mraba 49. Mvua ya masika ya milimita 50 inakumwagia lita 2,450 katikati ya nyumba. Kama mapaa yote ya kuzunguka yanamwaga ndani, na nyumba ina mita za mraba 120, hesabu inapita lita 8,000. Zote zinatafuta njia ya kutoka kupitia bomba moja chini ya sakafu ya chumba. Bomba likizibwa na majani ya mparachichi saa nane ya usiku, utaamka na maji kwenye zulia. Mapaa yamwage nje, kwenye gata na tangi; sakafu ya kiwanda iwe chini ya sakafu ya vyumba kwa sentimita 15 au zaidi; mabomba ya kutolea maji yawe mawili, si moja. Na kila kona ambapo mapaa mawili ya bati yanakutana ni mahali pa kuvuja. Nyumba ya geti yenye paa la migongo michache haina mashaka haya.

Kuhusu joto kuna hadithi nyingi za kwamba kiwanda hupoza nyumba. Hupoza, lakini kwa msaada wa kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, zinazomeza joto mchana na kulitoa usiku. Ukijenga kwa tofali la inchi sita na kuezeka bati bila dari nzuri, umejenga umbo la Lamu na joto la kontena. Tena usiagize matumbawe. Hapa tuna mawe ya volkano, na ukuta mnene wa mawe hayo unafanya kazi ile ile upande wa jua la jioni.

Jua letu lina tabia inayosaidia, na kwa hili Moshi si Fes. Tuko digrii tatu kusini ya ikweta. Mwezi Juni na Julai, wakati wa baridi, jua la mchana linapita kaskazini ya utosi. Desemba na Januari, wakati wa joto, linapita kusini. Uwazi unaofunguka kaskazini unapata jua miezi ya sweta, na bawa la kusini linautilia kivuli miezi ya jasho. Kwa bahati nzuri kaskazini ndiko mlima uliko, kwa hiyo unapata na Kibo asubuhi mawingu hayajapanda.

Arusha ni habari nyingine. Moshi mjini tuko karibu mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, Arusha iko kwenye 1,400. Julai usiku, Ilboru au Sakina, kutoka chumbani kwenda chooni kwa kupitia uwazi usio na paa ni adhabu, hasa kwa mzee. Ukijenga kiwanda kule lazima pawe na kibaraza kilichofunikwa pande zote, na pengine vioo. Ukishaweka vioo, ulichonacho ni sebule yenye dirisha kubwa, na ingekuwa nafuu kuichora hivyo tangu mwanzo.

Ukuta ni pesa

Nimepima nyumba tatu zenye ukubwa unaokaribiana. Nyumba ya geti ya mita 12 kwa 10 ina mita za mraba 120 na kuta za nje mita 44. Nyumba ya herufi U, 12 kwa 12 yenye uwazi wa 4 kwa 8, ina mita za mraba 112 na kuta za nje mita 64. Kiwanda kamili, 13 kwa 13 na uwazi wa 7 kwa 7, kina mita za mraba 120, kuta za nje mita 80. Msingi, mkanda, lipu, rangi, vyote vinafuata urefu huo. Karibu mara mbili.

Anayetetea kiwanda atasema fensi nayo ni mita 80 kwenye 20 kwa 20, na nyumba iliyogeuza mgongo haihitaji fensi ndefu. Masale na wavu vinatosha. Ni kweli nusu. Utaokoa kimo cha fensi na nondo za madirisha ya nje, lakini hutarudisha pesa yote. Na Lamu waliokoa kwa kuegemeana ukuta kwa ukuta, jambo ambalo kwenye kiwanja kilichopimwa halmashauri kwa kawaida haitakuruhusu, maana ina umbali wake wa kuacha mpakani. Ukivuta nyumba ya kiwanda ndani kwa kila upande unabaki na ukanda wa mita tatu na nusu kuzunguka, usio na kazi. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya kulihamisha umbo bila kuhamisha kanuni zilizolizaa.

Upana wa vyumba nao ni wa kuangalia. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi. Wewe huna mikoko, una nondo na kenchi, lakini ukichora kiwanda kikubwa kwenye kiwanja kidogo utajikuta kwenye upana ule ule. Kitanda cha sita kwa sita kinakula mita 1.83. Kabati la milango mitatu lifunguke vipi?

Nyumba ya ukumbi ndiyo nafuu kuliko zote, na kwa mwenye kupangisha haina mpinzani: vyumba sita, wapangaji sita, uani mmoja. Ugomvi wa foleni ya choo ni sehemu ya kodi. Nyumba ya geti ndiyo rahisi kuuza. Nyumba ya kiwanda mnunuzi wa Moshi ataizunguka mara mbili na kuuliza mbele ni wapi.

Kwa hiyo, nani ajenge nini

Mwenye kiwanja kikubwa, nusu ekari na kuendelea, Njiro au Shanty Town, ajenge nyumba ya geti. Umbali unamfanyia kazi ya ukuta. Amalize tu na tekani mlangoni na apande miti upande ambao ghorofa itatokea.

Mwenye kiwanja kidogo anayetaka kodi ya kila mwezi ajenge ya ukumbi, lakini ukumbi aukunje, na vyoo viwe viwili. Baraza asiliondoe. Fensi imeua baraza, na nyumba yenye baraza ina macho mtaani kuliko nyumba yenye kamera.

Kiwanda kamili ningemshauri mtu mmoja tu: familia ya pamoja, Moshi ya chini kama Pasua au Njoro, kiwanja cha mita 25 kwa 25 au zaidi, na pesa ya mita 80 za kuta. Kila bawa liwe la mtoto mmoja na mkewe, mama akae bawa la mbele. Kwa maisha hayo hakuna nyumba inayoifikia. Awe na milango miwili ya kutokea, ya mbele na ya nyuma, kwa sababu ya moto.

Mama wa Pangani tulimchorea herufi U. Mgongo wake uko barabarani, kusini, na umeachwa na madirisha madogo yaliyo juu ya kichwa cha mtu. Mdomo wake uko kaskazini, umefungwa kwa ukuta wa mita nne tu, nyuma yake kuna mparachichi wa jirani. Mlangoni kuna daka lenye viti viwili vya saruji ndani ya ule umbali wa halmashauri, kisha tekani, kisha kona. Jikoni anaona uwazi wote, wajukuu wakiwemo. Tulipomaliza msingi tukampelekea ramani jirani wa mashariki, ambaye bado hajajenga, tukamwonyesha uwazi uko wapi. Akaitazama kwa muda, akasema ngazi ya ghorofa yake angeiweka upande ule. Tukakubaliana dirisha la ngazi liwe la vioo vya ukungu, tukaandika, mjumbe akatia saini.

Mlango wa nakshi bado. Bei aliyotajiwa Unguja ni ya kenchi na bati zote, kwa hiyo kwa sasa kuna mlango wa mbao wa kawaida, na mama ameniambia nisipake rangi.